Kizibo cha Soda

Dada yangu aliolewa mwaka 1982 na kijana wa Kimakonde, fundi wa karakana ya reli pale Tanga, na nyumbani kwetu siku ile ilikuwa kama tumefiwa. Baba yake kijana yule alikuja kutoka Msumbiji zamani za Mwingereza kukata mkonge, mmoja wa wale tuliowaita manamba, na yeye mwenyewe alizaliwa kambini, katika shamba moja la njia ya Muheza. Alisilimu mwaka mzima kabla ya kuleta posa. Alikuwa akiswali kuliko mimi. Lakini hayo hayakumsaidia. Mama alilia siku tatu, na alipoulizwa analilia nini hakuwa na jibu ila lile la siku zote: watu watasema nini.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini, na ndiye niliyekuwa mchekeshaji wa ukoo. Kila ukoo unaye mmoja. Ndiye anayeigiza mwendo wa ami, kikohozi cha mwalimu wa chuoni na namna shangazi anavyohesabu fedha kwa kulowesha kidole. Basi nilipopata shemeji Mmakonde nilijiona nimepata mali. Mama yake alikuwa wa kizazi kile cha wanawake wa Kimakonde waliotoga mdomo wa juu na kuvaa ndonya. Alikwisha kuiacha ndonya yenyewe miaka mingi, lakini tundu lilibaki, na lilimpa namna yake ya kutamka maneno. Siku za sikukuu, watu wakishakula, nilikuwa nachukua kizibo cha soda, nakibana chini ya mdomo wa juu, kisha naanza kusema kama bibi yule anavyosema. Watu walikuwa wakicheka hadi kushika mbavu. Hata baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alikuwa akigeuza uso ukutani mabega yakimtikisika.

Shemeji naye alikuwa akicheka. Jambo hilo nilikuwa nikilitaja kila mara dada aliponikemea. Mbona mwenyewe anacheka? Huu ni utani tu, dada.

Mwaka 1989 nilibahatika kupata nafasi ya masomo katika chuo kimoja huko Marekani, jimbo la Ohio. Usiku mmoja wa Jumamosi, theluji imejaa nje, wanafunzi wa bweni letu walikodi kaseti ya video wakakusanyika ukumbini. Tulikuwa kama watu kumi na watano. Weusi tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja kutoka Cleveland aliyesomea uhasibu. Sinema yenyewe iliitwa Blazing Saddles. Niliposikia kwamba ni ya kauboi nilifurahi, maana sisi watoto wa Tanga tuliokulia kwenye viti vya mbao vya senema tulikuwa tukiwajua makauboi kuliko machifu wetu.

Sinema hiyo ilitoka mwaka 1974. Aliyeitengeneza ni Mel Brooks, Myahudi wa Brooklyn aliyezaliwa mwaka 1926 na kupigana Ulaya katika Vita Vikuu vya Pili, na ambaye kazi yake kubwa maishani imekuwa kumfanyia mzaha Hitler. Habari yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 1874, huko Magharibi ya Marekani, tajiri mmoja mlafi ambaye pia ni mwanasheria wa serikali anataka kupitisha reli katika mji mdogo uitwao Rock Ridge, ambao wakazi wake wote jina lao la ukoo ni Johnson. Anataka wahame ili anyakue ardhi yao. Hila anayoipata ni kuwapelekea sherifu mweusi. Anajua ama watahama kwa chuki, ama watamwua, na kwa vyovyote vile mji utakuwa hauna mlinzi. Sherifu huyo, jina lake Bart, aliigizwa na Cleavon Little.

Lakini sinema haianzii mjini. Inaanzia kwenye reli, juani, ambapo vibarua weusi na Wachina wanatandaza mataruma. Wasimamizi wazungu wamepanda farasi. Mmoja wao anawaambia weusi waimbe, waimbe wimbo wa kazi kama walivyokuwa wakiimba utumwani. Weusi wanatazamana. Kisha Bart anaanza kuimba, taratibu, kwa sauti laini, wimbo wa kistaarabu wa Cole Porter, wimbo wa kumbi za New York za watu waliovaa tai, na wenzake wanamwitikia kwa sauti za kupangika. Wazungu wanakasirika. Siyo hivyo! Ndipo wanaposhuka kwenye farasi ili wawafundishe weusi namna weusi wanavyoimba. Wanarukaruka, wanatupa miguu, wanapayuka, wakiigiza kile walichokuwa nacho vichwani mwao. Na vibarua weusi wamesimama wameegemea sururu zao wanawatazama. Wanatabasamu kidogo.

Ukumbi mzima ulikuwa ukicheka. Dada wa Cleveland alikuwa akicheka kuliko wote, amejipinda, machozi yanamtoka. Mimi nilicheka pia, mwanzoni. Kisha kicheko kilinikauka kooni, kwa sababu kamera iliwageukia wale waliosimama wanatazama, na tabasamu lile nilikuwa nalijua. Nilikwisha kuliona mara nyingi sebuleni kwetu. Lilikuwa tabasamu la shemeji yangu.

Ilinichukua muda kuelewa kilichonipata. Nilikuwa nimekwenda Marekani nikijihesabu upande wa waonewa. Mara ngapi nilikuwa nimeulizwa kama kwetu tunalala juu ya miti! Nilikuwa na haki, nilidhani, ya kuketi upande wa vibarua. Na sinema ya mzaha, tena mzaha mchafu (maana ndani yake mna makauboi wanaokula maharage na kujamba wakizunguka moto kwa muda ambao sikudhani inaruhusiwa), ikanichukua ikaniweka upande wa wale waliopanda farasi.

Baada ya hapo niliitazama kwa makini. Bart anaingia mjini. Watu wametandaza vitambaa, bendi inapiga, wamejiandaa kumpokea sherifu mpya; wanapomwona rangi yake, bendi inanyamaza na bunduki zote zinamwelekea. Anafanya nini? Anatoa bastola yake mwenyewe anaielekeza shingoni mwake, kisha kwa sauti nzito ya mtu katili anaonya kwamba yeyote atakayesogea, huyu mweusi atapigwa risasi. Halafu kwa sauti nyingine, nyembamba, ya kuogopa, anaomba asaidiwe. Anajiteka nyara mwenyewe. Na watu wa mji wanashusha bunduki! Wanamhurumia. Anajikokota mpaka ofisini, anafunga mlango, na hapo uso wake unarudi kuwa uso wa mtu mwenye akili. Sijui kama katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya ubaguzi kuna ukurasa unaoeleza vizuri zaidi ya hapo kwamba mbaguzi hamwoni mtu aliye mbele yake. Anawaona watu wawili aliowatunga mwenyewe, jambazi na mnyonge, naye mwenye akili akiamua kuwaigiza wote wawili kwa pamoja, anapita katikati yao salama.

Lakini nisiseme kama kwamba mambo yalikuwa mepesi. Katika sinema hiyo limo neno moja, lile tusi la Kiingereza kwa mtu mweusi. Sitaliandika hapa. Linasemwa mara nyingi mno, hata na vikongwe. Nyuma yetu alikuwepo kijana mmoja ambaye alicheka kila lilipotajwa, kabla kichekesho chenyewe hakijafika. Wengine walicheka kwa sababu msemaji alionekana mpumbavu. Yeye alilichekea neno. Mara ya nne au ya tano dada wa Cleveland aligeuka akamtazama, bila kusema kitu, kisha akarudisha macho kwenye televisheni. Kijana alinyamaza. Nilijifunza hapo kwamba sinema ni moja lakini vicheko ni viwili, na mtunzi hana namna ya kusimama mlangoni akawachuja watazamaji.

Mel Brooks alilijua hilo. Ndiyo sababu, katika kuandika hadithi hiyo, aliomba awemo mcheshi mweusi Richard Pryor, naye akawa mmoja wa waandishi watano. Pryor alikulia Peoria, Illinois, katika nyumba ya malaya iliyokuwa ya bibi yake, na hakuna aliyejua matusi ya rangi kuliko yeye. Brooks alitaka Pryor ndiye aigize Bart; kampuni ikakataa. Lakini ruhusa ya kulitumia neno lile ilitoka kwake, na mwaka ule ule wa 1974 Pryor alitoa sahani yake ya vichekesho iliyokuwa na neno hilo hilo katika jina lake.

Sasa sikiliza lililotokea. Mwaka 1979 Pryor alikwenda Kenya. Ameieleza safari hiyo mwenyewe jukwaani, katika filamu yake ya mwaka 1982. Alikuwa ameketi katika ukumbi wa hoteli Nairobi akiwatazama watu wakipita: mawaziri, makarani, wapishi, wauzaji, wote weusi, kila mtu na shughuli yake. Ikamjia kwamba amekaa siku kadhaa na neno lile hakulitamka hata mara moja, maana hakumwona mtu wa kumwita hivyo. Akaapa kuliacha. Aliporudi Marekani wako waliomlaumu kwamba amelainika.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Kuna wasemao kwamba Pryor alitubu, kwa hiyo sinema ya 1974 ilikuwa kosa. Mimi sioni hivyo. Katika Blazing Saddles neno lile linatoka vinywani mwa wapumbavu na kila anayelitamka linampaka yeye masizi. Pryor alichokiacha ni kulitamka kwa kinywa chake, juu yake na wenzake, kama jina lao. Hayo ni mambo mawili. Lakini sina budi kukiri pia kwamba kama yule aliyetoa ruhusa aliiona bei yake miaka mitano baadaye, basi bei ilikuwepo tangu mwanzo, na kijana aliyeketi nyuma yetu Ohio alikuwa sehemu ya bei hiyo.

Ziko sehemu za sinema ile ambazo siwezi kuzitetea. Wachina wa reli hawana neno hata moja la maana. Karibu na mwisho kuna kundi la wanaume wacheza dansi wanaochekwa kwa sababu tu ya mwendo wao na sauti zao, na hapo hakuna mpumbavu anayeumbuliwa; wanachekwa wao. Ukiweka sehemu hiyo kando ya ile ya reli, utaona tofauti kama ya mchana na usiku, ingawa zilitoka mkono mmoja.

Tofauti hiyo hiyo nilikwisha kuiona kabla sijaondoka Tanga, ila sikuitambua. Miaka ya themanini tuliitazama sana The Gods Must Be Crazy, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 1980. Ni ile ya Msani anayeokota chupa ya Coca-Cola iliyotupwa kutoka kwenye ndege. Tuliikodi mara kwa mara. Wazee wetu, wasiojua Kiingereza, waliipenda kuliko zote. Mchezaji mkuu alikuwa N!xau, Mju/'hoan wa Namibia, naye alikuwa na uso wa kupendeza na ustadi wa kweli. Lakini anayechekwa ni nani? Sinema inatuambia kwamba watu wake wanaishi kwa amani, hawajui mali, hawajui serikali. Wakati inapigwa picha, Waju/'hoansi wengi walikuwa wamekusanywa Tsumkwe, wakiishi kwa posho na pombe, na vijana wao wakiandikishwa katika jeshi la Makaburu. John Marshall, aliyekuwa akiishi na kupiga picha huko kwa miaka mingi, aliwaonyesha katika filamu yake juu ya mwanamke aitwaye N!ai, na humo wanaonekana hata wapiga picha wa Uys wakiwa kazini, wakiwaelekeza watu wawe wa porini. Wasimamizi wa reli tena, wakiwafundisha watu namna ya kuwa wenyewe. Tofauti ni kwamba safari hii kamera haikugeuka.

Hata waliotaka kumchoma mbaguzi wamewahi kumkanyaga asiyehusika. Mwaka 2006 Sacha Baron Cohen alipotengeneza Borat, aliwatega Wamarekani wakatoa chuki zao wenyewe mbele ya kamera, na alifanya hivyo kwa ujasiri mkubwa. Lakini kijiji alichokiita cha Kazakhstan kilikuwa Glod, kijiji cha mafukara huko Romania, ambao baadaye walisema waliambiwa hii ni filamu ya kuonyesha taabu zao. Walikwenda mahakamani; hawakufanikiwa. Nilicheka katika Borat, tena sana. Katika dakika za kile kijiji, nilikuwa nahisi kizibo mdomoni.

Maana huo ndio utetezi niliojifunikia miaka yote: utani. Nasi tunaujua utani, hatukufundishwa na Hollywood. Mzigua na Mnyamwezi wakikutana hutukanana hadi mgeni akatafuta polisi. Msibani mtani huzuia njia ya kaburi hadi alipwe, huvaa nguo za marehemu na kumwigiza mwendo, na wafiwa wanacheka katikati ya kilio. Lakini utani una mkataba. Leo wewe, kesho mimi. Ukinizikia kwa mzaha nami nitakuzikia wako. Sasa shemeji yangu alikuwa na mkataba gani nasi? Angeweza yeye kusimama sebuleni kwetu, siku ya Idi, akamwigiza mama yangu? Angeweza kuweka kitu mdomoni akaonyesha namna baba anavyotafuna tambuu? Angefukuzwa kabla hajamaliza. Mimi nilikuwa nikirusha mawe kutoka mahali ambapo mawe hayarudi, nikayaita utani.

Na katika Vioja Mahakamani, nilivyokuwa nikiviona nikienda Mombasa kwa shangazi, Mzee Ojwang' alichekesha Kenya nzima kwa lafudhi ya Kijaluo, na aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Wajaluo wengi walimpenda. Nimejiuliza kwa nini yeye aliweza. Nadhani ni kwa sababu Ojwang' alikuwa mwerevu. Alikuwa akifikishwa mahakamani na kumchosha kiongozi wa mashtaka. Bibi niliyemwigiza mimi hakuwahi kumshinda mtu yeyote.

Bibi huyo alifariki mwaka 1990, nikiwa Ohio. Dada aliniandikia barua, mistari mitano.

Niliporudi nilitaka kusema na shemeji, lakini kila nilipokaribia maneno nilianza kuzungumza habari za mpira. Miaka ikapita. Mama alikwisha kumzoea. Mwishowe hata dawa zake alikuwa akinunuliwa na yeye. Mwaka 2003 nilipata ile sinema katika diski, nikaichukua kwenda nayo kwake jioni moja, nikisema tu kwamba ina habari za reli, atazame.

Alianza kucheka kwenye kiberenge. Ni pale mapema, ambapo Bart na mwenzake wanatumwa na kiberenge mbele ya reli na kuzama kwenye tope, na wasimamizi wanakuja na kamba, wanakivuta kiberenge, na kuwaacha wale watu wajiokoe wenyewe. Kiberenge kilikuwa cha dola mia nne.

"Hilo ni kweli kabisa, shemeji," alisema. "Na sisi karakana tulijua bei ya kila kitu isipokuwa yetu."

Pale Bart alipojiteka nyara, alicheka hadi akavua miwani. "Ndivyo nilivyoingia kwenu," alisema.

Kuna kikongwe katika sinema hiyo. Siku ya kwanza Bart anamsalimu barabarani, naye anamjibu kwa lile tusi. Baadaye, Bart akishauokoa mji kutokana na jitu moja lililokuwa likivunja kila kitu, kikongwe huyo anakuja usiku amembebea mkate mtamu aliouoka mwenyewe, anamwomba radhi. Anaondoka. Kisha anarudi kumwomba, kwa adabu zote, asimwambie mtu kwamba aliongea naye.

Hapo hatukucheka, wala mimi wala yeye. Dada alikuwa mlangoni na sinia la chai.

Mwaka 1984, dada alipojifungua mtoto wa kwanza, mama alikataa kwenda kumtazama. Lakini usiku wa pili aliniamsha, akanipa sufuria ya uji wa pilipili manga na kuku mzima wa kuchemsha aliyefungwa kwenye kitambaa. Akaniambia nipite uchochoroni, na nikikutana na jirani niseme napeleka chakula kwa mgonjwa hospitali. "Na baba yako asijue," alisema. Shemeji ndiye aliyenifungulia mlango usiku ule. Alipokea sufuria kwa mikono miwili. Wiki mbili baadaye ilikuwa Idi, na mimi nilikuwa sebuleni na kizibo changu.

"Mama," alisema dada polepole, akitazama televisheni. Akaweka sinia chini akatoka.

Tulibaki wawili. Makauboi walikuwa wamekwisha kutoka katika hadithi yao wakaanza kupigana ndani ya kiwanda cha sinema chenyewe, wanarushiana keki. Nilisema, bila kumwangalia, "Shemeji, kile kizibo nilichokuwa nikikiweka mdomoni. Unakikumbuka?"

"Kilikuwa cha Fanta," alijibu.